Kibomba kilichopinda chini ya bawa la Cessna: usikipite

Mkuu, umeuliza kuhusu vitu viwili ulivyovikuta kwenye ndege ndogo aina ya Cessna 172 wakati wa ukaguzi kabla ya kuruka: nyuzi nyeusi zilizochomoza ukingo wa nyuma wa bawa, na kibomba kilichopinda chini ya bawa la kushoto. Nyuzi ni jambo dogo. Zinatoa umeme tuli unaojikusanya mwilini mwa ndege ikiwa angani, redio isikwaruze. Ukikuta uzi umekatika, mwambie fundi.

Kibomba ndicho cha kukiangalia sana. Kimejificha nyuma ya nguzo ya bawa, na kupitia hapo tanki linapumua. Injini ikinywa mafuta, hewa lazima iingie kuziba pengo. Kibomba kikiziba, mafuta yanaweza kugoma kushuka na injini ikazimika huku tanki likiwa bado na mafuta. Nikiwa mwanafunzi nilikipita asubuhi nyingi, macho yakikimbilia bomba la pito, lile la kupimia mwendo wa ndege, kwa sababu lina kifuniko chenye utepe mwekundu. Siku moja, ndege ikiwa imelala nje wiki nzima, mwalimu alinishika kidole akakigusisha kwenye mdomo wa kibomba. Udongo! Mkavu, mgumu, umelainishwa juu kama lipu. Nyigu alishajenga. Hatukuruka, tulimwita fundi. Nawe usichokoe kwa kijiti, utausukumia ndani.

Tangu hapo, kila tundu naliuliza: unatakiwa kuwa wazi, au kuzibwa? Kile kisahani chenye kitundu ubavuni kushoto, kwa mbele, lazima kiwe wazi, maana altimita (kipimo cha kimo) na kipimo cha mwendo vinategemea hewa ya hapo. Mwaka 1996 Boeing 757 iliondoka Lima usiku ikiwa na utepe uliosahaulika juu ya matundu kama hayo baada ya kuoshwa. Marubani hawakuweza tena kujua kimo chao cha kweli, ndege ikaangukia baharini na watu wote 70 wakafa. Naomba usikidharau kitundu hicho.

Kuna na vitu ambavyo si tundu. Nilipohamia ndege ya Piper yenye mabawa ya chini nilikuta kipande cha chuma cha pembetatu ukingo wa mbele wa bawa, karibu na mwili wa ndege. Nilidhani ni kiraka. Kumbe ndege ikipungua mwendo mno, kinafanya sehemu hiyo ya bawa itangulie kupoteza nguvu ya kuinua, ili eleroni, yaani vibawa vya kulaza ndege upande, kule nje ziendelee kukutii. Kwa hiyo kagua pande zote mbili: kimoja kikiwa kimebanduka, bawa moja linaweza kupoteza nguvu ya kuinua kabla ya jingine.

Kitu usichokikuta kwenye mwongozo wa ndege hiyo, kipige picha umpelekee fundi kabla ya kuwasha injini. Na omba uwepo siku ya matengenezo, vifuniko vya chini vikiwa vimefunguliwa. Utaona kila antena na kila kibomba kinakoishia.