Kuhusu kuirudisha sauti ya marehemu mama kwa akili mnemba

Ndugu yangu, pole kwa msiba wa mama. Umeuliza kama ni dhambi kuipa programu ya akili mnemba jumbe zake za sauti za WhatsApp ili "aendelee kuzungumza" nanyi.

Mimi ni Mwanglikana wa hapa Dodoma, na sauti ya marehemu baba ninayo kwenye simu, akiagiza alizeti ipelekwe kukamuliwa kabla bei haijashuka. Katikati anakohoa, anamfukuza kuku, kisha anaendelea. Kuisikiliza hiyo sioni kosa, kwa kuwa aliyesema ni yeye. Programu hufanya jambo jingine: hujifunza namna mtu anavyotamka (mfumo wa VALL-E, uliotangazwa na Microsoft Januari 2023, ulihitaji sampuli ya sekunde 3 tu), kisha husema sentensi ambazo marehemu hakuwahi kuzisema. Wengi hukimbilia 1 Samweli 28, Sauli alipomwendea yule mwanamke wa Endori ili amwitie nabii Samweli aliyekwisha kufa, lakini kwangu mfano huo hauingii sawasawa, maana mashine haimwiti mfu, inakisia tu. Kinachonitia shaka zaidi ni siku mtakapogombania shamba, mmoja wenu akaja na "sauti ya mama" ikimrithisha yeye.

Zihifadhi rekodi halisi mahali pawili, ukiandika tarehe ya kila moja, na kabla ya kuipa programu yoyote zungumza kwanza na wadogo zako pamoja na mama zako wadogo.