Kayinja, matoke na kiangazi

Ndugu, umeuliza kwa nini kiangazi kilichopita migomba yako ya matoke ilikauka majani na kutoa mikungu midogo, ilhali migomba ya kayinja ya jirani, kwenye udongo uleule, ilibaki kijani, na iwapo ung'oe shamba zima ili upande aina hiyo.

Tofauti imo katika nasaba. Matoke ya nyanda za juu hubeba seti tatu za kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zibebazo jeni za urithi), zote za mgomba-mwitu Musa acuminata, uitwao A. Kayinja ina seti moja ya A na mbili za Musa balbisiana, yaani B, na hizo za B ndizo watafiti huzihusisha na ustahimilivu wa ukame. Hakuna jeni moja inayofanya kazi hiyo peke yake: udongo unapokauka, homoni ya asidi absisiki huongezeka, jeni nyingi huamshwa, na vitundu vidogo vya jani viitwavyo stomata hufungwa ili maji yasipotee. Pita shambani saa saba mchana uone jinsi pande mbili za jani zinavyoinama chini kutoka kwenye uti wake wa kati. Huko ni kujihami.

Hata hivyo, nakusihi usiyang'oe matoke. Kayinja hushambuliwa vikali na mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni ambao matoke huuhimili, tena huambukizwa upesi mnyauko wa bakteria kupitia ua dume. Anza na matandazo mazito, kwa kuwa mizizi mingi ya mgomba imo katika sentimita 40 za juu, kisha panda kayinja chache pembeni kwa machipukizi ya shamba lisilo na ugonjwa.