Kwa mnaoanza mafunzo kwenye mitambo ya maji: sifuri hiyo si sifuri

Kila likizo ndefu ya S.4 na S.6 (kidato cha nne na cha sita) hapa Uganda kundi jipya huingia kwenye mitambo ya maji na maji taka, buti mpya, kalamu mbili mfukoni. Na kila mara wiki ya kwanza haiishi kabla fomu moja ya klorini haijarudi imeandikwa 0.00 kwa bomba lililotiwa dawa jana yake. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini hili limezidi. Someni haya kabla hamjagusa kipimo.

1. Utaratibu wa DPD (kipimo cha klorini kwa vidonge vinavyoyapa maji rangi) mnaujua: suuza kichupa kwa maji unayopima, jaza hadi alama ya 10 ml, tia kidonge namba 1, ponda kwa kijiti cha plastiki na si kwa kidole, koroga, soma ndani ya dakika moja. Maji yakiwa ya waridi kuna klorini huru, na rangi ikikolea ndiyo imeongezeka. Kutoka hapo mgeni anaruka moja kwa moja hadi kwenye hukumu kwamba pasipo na rangi hapana klorini.

Sivyo. Klorini ikizidi mno huiua rangi yenyewe. Kidonge kinapoanza kumumunyuka, waridi humetameta chini ya kichupa kwa sekunde chache, kisha hutoweka. Maji yanabaki maangavu na mashine inasoma sifuri bila aibu. Mwenye kuangalia simu wakati huo hakuona kitu.

Sasa fikirini ni wapi mtatumwa kupima. Bomba jipya au tangi lililosuguliwa hujazwa maji yenye makumi ya miligramu za klorini kwa lita, yakalala humo usiku kucha kuua vijidudu. Asubuhi yanamwagwa na kusukumwa kwa maji safi mpaka kiwango kishuke. Kijana anatumwa mwisho wa laini kuona kama klorini imekwisha. Anapata 0.00, anaandika “imeisha”, vali inafunguliwa. Kabla ya saa sita mchana mtaa mzima unalalamika: chai hainyweki, macho yanawasha, gomesi (gauni la kina mama) iliyoloweka imepauka. Mwingine anakosea kinyume chake na ni vibaya zaidi. Anadhani dawa haikutosha, anaongeza HTH (klorini ya unga), anapima tena, sifuri tena, anaongeza tena. Anayeendelea hivyo hana pa kukomea, kwa kuwa kila kijiko kinaithibitisha ile sifuri.

Dawa yake ni pipeti. Chukua 1 ml ya sampuli, ongeza 9 ml ya maji yaliyotoneshwa (distilled), pima, zidisha kwa 10. Ukipata 3.2 hapo, bombani mna 32 mg/l. Ukiwa na shaka bado, zimua sampuli mara 100. Usizimue kwa maji ya bomba la maabara, kwani nayo yana klorini yake na utakuwa unapima mchanganyiko usiojulikana ni wa nini. Na pua mliyopewa itumieni: maji yanayonuka dawa huku karatasi inasema hayana dawa, karatasi ndiyo yenye matatizo. Fomuni usiandike namba peke yake. Andika “0.00, waridi ilitokea ikapotea; kwa 1:10 ni 3.2, sawa na 32”. Msimamizi akisoma hivyo anajua la kufanya hata kama wewe umeshapanda boda kwenda nyumbani.

Kosa hili lina ndugu yake anayedanganya upande wa pili. Kidonge namba 3, cha kupimia klorini yote, kina iodidi. Kichupa kisiposuuzwa vizuri baada yake, masalio hayo yataifanya klorini iliyoungana na amonia isomeke kama klorini huru kwenye kipimo kinachofuata. Mwongozo wa WHO unataka angalau 0.5 mg/l ya klorini huru baada ya dakika 30 za kukaa na maji, pH ikiwa chini ya 8, na isiyopungua 0.2 mg/l inapomfikia mtumiaji. Kichupa kichafu kinaweza kukuonyesha 0.3 pale ambapo hakuna klorini huru yoyote.

Na klorini hupimwa palepale bombani. Sampuli iliyosafiri juani kwenye chupa ya soda hadi ofisini haina habari ya kukupa.

2. Chupa ya sampuli ya bakteria haisuuzwi. Ile chembechembe nyeupe ndani ni thiosulfeti, kazi yake ni kuzima klorini isiendelee kuua vijidudu njiani, na kila mwaka kuna mtoto mwenye adabu za nyumbani anayeiosha kwanza. Acha bomba litiririke dakika mbili tatu, usiguse mdomo wa chupa, acha nafasi ya hewa juu, weka kwenye kisanduku cha barafu na ufike maabara ndani ya saa sita.

3. Dozi ya shabu, dawa ya kugandisha uchafu wa maji, ya jana si ya leo. Anayefanyia mafunzo Ggaba, mtambo wa maji wa Kampala kando ya Ziwa Victoria, ataliona hili upesi, maana ghuba ya ndani ya Murchison hupokea maji machafu ya jiji kupitia mfereji wa Nakivubo, na mwani ukistawi vichujio huziba mapema. Tengeneza myeyusho wa shabu wa 10 g kwa lita, ambapo kila 1 ml kwenye mtungi wa lita moja ni 10 mg/l. Tia dozi tofauti kwenye mitungi kadhaa, koroga kwa kasi dakika moja, polepole dakika 15, acha utulie dakika 30, kisha chagua mtungi ulio safi kwa dozi ndogo kabisa. Wageni huchagua wenye mabonge makubwa kwa sababu yanapendeza macho. Mabonge makubwa yanayoelea hayana faida, tunataka yanayozama.

4. HTH ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji juu ya HTH, na kijiko cha shabu kisiingie kwenye ndoo yake, kwa sababu shabu ina asidi na vikikutana vitatoa gesi ya klorini.

5. Mita: tarakimu nyeusi ni yuniti, nyekundu ni sehemu ya yuniti. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani jerikeni 50. Mita inayoonyesha 00347 nyeusi na 812 nyekundu ikiandikwa 347812, mama wa watu atapelekewa bili ya kiwanda cha bia. Linganisha namba ya mita na ya akaunti, piga picha, funga bomba zote uone kama bado inazunguka. Bisha hodi, salimu, sema “nnyabo” (mama) au “ssebo” (bwana) kabla ya kuuliza mita iko wapi. Mbwa wa Kampala hawasomi vitambulisho. Usomaji wa kukisia chini ya mwembe hujulikana mwezi unaofuata, nyumba kumi zikitumia kiasi kilekile.

6. Chemba ya maji taka hamuingii. Hata kuinama juu yake kuchungulia, hapana. Gesi ya hidrojeni sulfidi hunuka mayai viza ikiwa kidogo, ikizidi hulemaza pua, hivyo harufu ikikata ghafla ndipo hatari ilipo. Anayeshuka kumwokoa mwenzake bila kifaa cha hewa hulala pembeni yake. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18, kwa hiyo fundi akikwambia “shuka kidogo tu”, mwambie umekatazwa na sheria ukamwite msimamizi. Kwenye mabwawa ya maji taka, zile nyasi za kijani tulivu zinaelea. Chini yake hakuna ardhi. Pale Lubigi, mtambo wa maji taka wa Kampala, na kwingine yanakomwaga malori, vyuma vya kuchujia hujaa kaveera (mifuko ya plastiki), vitambaa na nyembe, basi shika reki, usishike kwa mkono.

7. Barua ya shule, ya mzazi na ya LC1 (serikali ya kijiji au mtaa) zije siku ya kwanza. Chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B muulizie mapema, si baada ya kujikata. Simu ibaki kwenye begi, kwa sababu utaishika kwa glavu hizohizo kisha utaiweka shavuni. Na buti za kituo zirudishwe zimeoshwa, ndani pia.