Muulize Daktari wa Mifugo: Mbwa Aliyekatwa Mguu kwa Saratani

SWALI: Daktari, salaam. Ninaishi Malindi. Mbwa wetu wa ulinzi, Kamanda, ni chotara mkubwa mwenye umri wa miaka 8. Mwezi uliopita alikatwa mguu wa mbele wa kushoto, kutoka begani, baada ya vipimo kuonyesha saratani ya mfupa. Nyuzi zimetolewa na kidonda kimefunga, lakini sebuleni penye vigae anateleza na kuanguka, na usiku mwingine hushtuka usingizini akilia na kugeuka kupalamba pale palipokuwa na mguu. Mume wangu anataka apewe sindano ya kumaliza maisha, kwa kuwa mbwa wa miguu mitatu hawezi kulinda na kumwacha hivyo ni kumtesa. Jirani yetu, mzee wa makamo, ameongeza kwamba ni dhambi kumweka kiumbe katika hali hiyo. Je, ataweza kuishi vizuri, na amebakiwa na muda gani?
Mama Z., Malindi

JIBU: Mama Z., pole kwa kuuguza. Nianze na hilo la mateso, kwa kuwa ndilo linaloivuruga nyumba yenu. Saratani ya mfupa, ambayo wataalamu huiita osteosakoma, huula mfupa kutoka ndani, na maumivu yake ni makali kiasi kwamba vidonge huyapunguza kwa muda tu. Tena mfupa uliodhoofika unaweza kuvunjika wenyewe mbwa akiwa anatembea. Mguu ulipoondolewa, maumivu hayo yaliondoka nao. Huenda unakumbuka kwamba kabla ya kupasuliwa Kamanda alikuwa tayari akiukunja mguu ule na kutembea kwa mitatu, kwa hiyo mwili wake ulikwisha kuanza kujifunza. Sisi tunaona pengo na kuhuzunika, ilhali yeye amepata nafuu. Kwa mzee jirani, mkumbushe kwa adabu ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Kumuuguza mbwa mgonjwa hakuko mbali na tendo hilo.

Mbwa wengi husimama ndani ya siku moja au mbili baada ya upasuaji, na wengi wao huzoea mwendo mpya katika muda wa mwezi mmoja hivi. Aliyepoteza mguu wa mbele hupata taabu zaidi kuliko aliyepoteza wa nyuma, kwa sababu miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili. Mguu wa mbele uliobaki husogea taratibu kuelekea katikati ya kifua, na kichwa hupanda na kushuka kila anapopiga hatua. Msishtuke mkiona hivyo.

Adui wake mkubwa kwa sasa ni vile vigae, kwani kila anapoanguka huuogopa mwili wake mwenyewe na kukataa kuinuka. Mkeka wa ukindu hautamsaidia, maana nao huteleza juu ya kigae. Tandaza magunia ya katani yaliyoshikizwa pembeni, au mazulia yenye mpira upande wa chini, kuanzia anapolala hadi mlangoni na hadi penye bakuli lake, na bakuli lenyewe liinuliwe kidogo ili asilazimike kuinamia mguu mmoja. Kucha zikatwe fupi. Anapopanda ngazi, kunja kanga, ipitishe chini ya kifua chake, kisha umwinue kidogo huku akijikongoja mwenyewe. Mwende matembezi mafupi alfajiri au jioni, kwa kuwa mwendo wa miguu mitatu huchosha na mbwa hana namna kubwa ya kupoa isipokuwa kuhema. Na mkienda ufuoni, mwende maji yakiwa yamekupwa, mtembee juu ya mchanga mgumu ulio karibu na maji. Mchanga mkavu uliolegea hapo juu utamchosha haraka mno.

Uzito nao ni jambo la kulishikilia kwa nguvu. Mbavu zake zipapasike kwa vidole bila kukandamiza, na huruma ya watoto isigeuke kuwa ugali wa ziada, kwa sababu kila kilo inayoongezeka huangukia bega moja na uti wa mgongo.

Kuhusu kulia usiku, mishipa ya fahamu iliyokatwa huweza kuendelea kupeleka ishara za maumivu kana kwamba mguu bado upo. Mweleze daktari aliyempasua, kwani zipo dawa za kutuliza mishipa hiyo, kama vile gabapentini. Ninakusihi usimpe vidonge vya binadamu kutoka duka la dawa: ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na hata paracetamoli humdhuru ini kipimo kikizidi.

Sasa suala la muda, ambalo sitalificha. Saratani hii huwa imekwisha kutawanya mbegu ndogo zisizoonekana, hasa mapafuni, kabla haijagunduliwa. Kwa kukatwa mguu peke yake, mbwa wengi huishi kati ya miezi 4 na 6. Wakiongezewa tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, muda huo hufika takriban miezi 10 hadi 12, na wachache huvuka miaka 2. Mbwa huivumilia tibakemikali vizuri kuliko sisi, wala wengi wao hawanyonyoki manyoya. Muulize daktari wako kama inapatikana na gharama yake ni ngapi, lakini usijilaumu mkishindwa, kwa maana miezi michache isiyo na maumivu si kitu kidogo kwa mbwa.

Kulinda ataendelea, kwa kuwa mlinzi hutumia masikio, pua na sauti, ila asiachwe apigane na mbwa wa mitaani. Mume wako hajakosea kuifikiria sindano. Wakati wake ndio haujafika. Utafika siku Kamanda atakapokataa chakula, akakohoa na kuhema kwa shida akiwa amelala, au akalemewa na maumivu yasiyotulizwa na dawa, na siku hiyo msimcheleweshe.

SWALI: Mbwa wangu mkubwa anachechemea kwa wiki kadhaa, na juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele pana uvimbe mgumu. Tunamkanda kwa maji moto. Je, inatosha?
Msomaji, Lamu

JIBU: Haitoshi, na tafadhali acheni kumkanda. Si kila uvimbe ni saratani, kwani huenda ni mwiba, usaha au mfupa uliopata ufa. Lakini kwa mbwa mkubwa, juu ya kifundo cha mbele, begani na kuzunguka goti ndipo saratani ya mfupa hupenda kuanzia. Anahitaji eksirei ya mguu na ya kifua, na pengine kipande cha mfupa kichukuliwe kikapimwe. Hadi hapo, asipande ngazi za nyumba, na mnapomvusha kwa mashua mbebeni mkimpakia na mkimteremsha, kwa maana mfupa ulioliwa huweza kuvunjika kwa mruko mmoja tu.