Jibu: Baiskeli wakati wa baridi, Minneapolis (Marekani)

Ndugu, umeuliza utaendeleaje na mazoezi hadi Machi, na kwa nini mnyororo umeshika kutu ndani ya wiki moja. Kutu hiyo ni ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Ukirudi tu, suuza mnyororo kwa maji ya uvuguvugu, ufute mpaka kitambaa kitoke kikavu, kisha tone moja la oili nzito kwa kila kiungo. Inayobaki nje ifute, hunasa mchanga.

Siku za barafu endesha ndani, kwenye stendi ya mazoezi (inayoshika baiskeli ili ukanyage bila kusonga): dakika 10 taratibu, kisha dakika 8 za nguvu mara tatu, ukipumzika dakika 4 katikati. Feni ikuelekee kifuani. Bila hiyo mwili huchemka, mapigo ya moyo hupanda, ukadhani miguu ndiyo imechoka. Na utandike taulo kwenye usukani, jasho nalo hula skrubu.