Mteja akitaka sato akauke kama ukuni: maswali yenu ya jikoni

Jamani mwangaluka. Nilisema niulizeni chochote kuhusu mteja na mpishi, nani amsikilize nani, meseji zikaja mpaka simu ikawa ya moto. Mi napika hapa Mwanza mwaka wa 15 huu, nilianza kuosha masufuria kwa mama ntilie mmoja pale Mwaloni, nikapita hotelini nikavaa lile kofia refu, sa hivi nina kibanda changu cha samaki, kwa hiyo mengi ntakayosema nimeyalipia kwa kuungua mikono. Twende.

"Mi nataka sato wangu akaushwe mpaka awe mgumu kabisa, mpishi mmoja Kirumba akaninunia eti naharibu samaki. Hela yangu, samaki wangu, yeye kinamuuma nini?" (Mteja, Pasiansi)

Kinamuuma kweli, usimcheke. Yule sato ametoka ziwani asubuhi, nyama yake laini ina utamu wa maji yake, afu wewe unamwambia amuache kwenye karai mpaka yale maji yote yaishe, mpishi anaona kama umemwambia achane shati jipya. Ila kununa hapana. Hata mi nilikuwa hivyo hivyo, kuna mzee alikuja siku moja kibandani akataka akaushiwe, nikaanza kumpa somo, baba samaki mzuri haliwi hivyo, akanisikiliza mpaka mwisho afu akasema kijana mimi nimekulia Ukerewe, kwetu samaki tulikuwa tunamkausha ili afike safari bila kuoza, samaki laini ni wa mgonjwa. Nikakosa pa kuweka uso. Kumbe ule ukavu ambao mi nauona ni kuharibu, kwake ndo ladha ya nyumbani kwao. Toka siku hiyo nakausha na sisemi neno. Kanuni yangu ni ndogo tu: ulimi ni wa mteja, ila tumbo likiharibika kesi inaletwa kwangu, kwa hiyo ya ulimi nakupa yote, ya tumbo tutabishana.

Ushauri wa bure: ukitaka mkavu chagua sato mdogo wa wastani, mwambie mpishi amchanje sana pembeni mpaka karibu na mfupa na moto uanze wa kati, maana yule mkubwa mnene nje anaungua na ndani bado anachuruzika.

"Nimepata kazi hoteli moja, wageni wanaomba steki ndani nyekundu, mwingine kaomba baga ndani nyekundu hivyo hivyo. Nawapikia au nakataa?" (Kijana wa Igoma)

Hongera kwa kazi mdogo wangu. Hivyo ni vitu viwili tofauti, usivichanganye hata siku moja.

Kwanza ile nyekundu sio damu, damu ilishatoka machinjioni, ile ni maji ya nyama yenye rangi yake, wataalamu wanaita mayoglobini. Steki ni kipande kizima, vijidudu vingi vinakaa juu, ukiichoma nje vizuri moto unavimaliza hata kama katikati haijabadilika rangi sana. Baga ni nyama ya kusaga, kile kilichokuwa juu mashine imekivuruga kikaingia mpaka katikati, kwa hiyo unavyochoma nje ndani bado kuna wageni wengine. Ndo maana mwongozo wa serikali ya Marekani unasema steki ifike nyuzi 63 za sentigredi ndani na uiache ipumzike dakika 3, ila ya kusaga ifike 71, na kuku 74. Nunua kale kapimajoto ka kuchoma kwenye nyama, usitegemee macho.

Ya pili, na hii hao wageni hawaijui. Steki nyekundu kabisa haifiki hata hiyo 63, na ng'ombe anaweza kuwa na tegu. Kama nyama haina mhuri wa mkaguzi, mi steki nyekundu sipiki hata anipe tipu ya dola. Kama ina mhuri, namwambia mteja ukweli kwamba ipo chini ya kipimo, akisema anaijua na ameizoea namfanyia. Baga nyekundu sipiki. Na nguruwe ndo usijaribu kabisa, kitimoto kiive mpaka ndani, nyama isiyoiva inakupa tegu tumboni, na mayai ya huyo tegu yakitoka na kinyesi yakamfikia mtu mdomoni, watoto wake wanaweza kwenda mpaka kwenye ubongo wakaleta kifafa, hilo sio jambo la kumwachia mteja achague.

"Bila kachumbari si nipunguziwe bei?" (Wa Mabatini)

Hapana bhana. Nyanya nusu na kitunguu robo unataka nikurudishie shilingi ngapi.

"Rafiki zangu wametoka nje ya nchi wanataka samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu, hapigwi moto, wanasema ndimu inamuivisha. Mpishi amekataa. Yuko sahihi?" (Dada wa Capri Point)

Yuko sahihi, mpeni soda. Ndimu inageuza nyama inakuwa nyeupe na ngumu kidogo kama iliyoiva, ila minyoo haina habari na ndimu. Samaki wa maji baridi kama hawa wetu wa ziwani ndo wabaya zaidi kwa hilo. Wanaokula mbichi huko nje huwa samaki kagandishwa kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri siku 7 mfululizo, sasa niambie friji gani ya mtaani inafika huko na umeme ukikatika usiku wewe umelala. Waambie mpishi atawachemshia kidogo tu, moto upite, afu ndimu na pilipili na kitunguu viwekwe juu vya kutosha. Sio kile walichokula huko lakini watakula na kesho yake wataamka.

"Kwa nini siku hizi hampiki sangara mdogo mzima akaenea sahani? Naambiwa hakuna, wakati najua wapo." (Baba wa watatu, Nyegezi)

Shikamoo mzee. Wapo kweli, na ndo shida. Sangara chini ya sentimita 50 hairuhusiwi kuvuliwa, na sato chini ya 25. Sangara wa 50 ni zaidi ya kilo, sahani gani hiyo ya kumwenea mzima? Kwa hiyo ukiona mzima sahanini jua huyo ni mtoto, hajazaa hata mara moja, na mwenye mgahawa akikamatwa naye anaumia. Mteja mmoja aliniambia ye anataka "wa size ya mkono", nikamwambia wa mkono wa nani, wako au wa mwanao? Chukua kipande au chukua kichwa, kichwa cha sangara cha supu na ndimu na pilipili mbuzi jumamosi asubuhi, mi sioni unachokosa.

"Kuna sehemu nauliza kama chipsi zangu zimekaangwa karai moja na kitimoto, mhudumu anacheka anasema usijali. Mi ni Muislamu. Nifanye nini?" (Msomaji, Mkuyuni)

Ondoka. Yani hapa sina maneno mengi, jibu la swali hilo ni ndio au hapana, "usijali" sio jibu. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi bosi alitufundisha tujibu kwamba karai ni tofauti wakati karai lilikuwa moja, nilikaa wiki mbili nikaacha. Mpishi anaruhusiwa kusema sina karai la pili, hilo halina aibu, jiko ni dogo na mafuta ni bei. Haruhusiwi kudanganya. Siku nyingine uliza kabla hujakaa, tena muulize mpishi mwenyewe, mhudumu mara nyingi hajui na anaogopa kusema hajui.

"Mama yangu ana presha, tukiagiza 'bila chumvi' inakuja na chumvi vile vile. Mnatudharau?" (Binti wa Buzuruga)

Pole kwa mama. Sio dharau, ni uoga. Siri ya jikoni ni hii, samaki wengi wanapakwa chumvi na ndimu toka asubuhi, supu inatiwa chumvi sufuria zima, wali ndo usiseme, sasa ukiagiza saa saba mchana bila chumvi mpishi hawezi kuitoa, ila badala ya kukwambia ukweli anasema sawa mama. Hapo ndo tunapokosea sisi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kakijiko kadogo ka chai hivi, na sahani moja ya mgahawani inaweza kula sehemu kubwa ya hiyo. Pigeni simu mapema wamtenge samaki mmoja kabla hajapakwa, au agizeni wa kuchoma ambaye hajaguswa, chumvi iwekwe pembeni.

Na wale wa karanga, mtoto wako akivimba akila karanga usiseme "hapendi karanga", sema zinamdhuru. Ukisema hapendi mpishi wa kwetu huku atachota mboga iliyoungwa karanga, akwangue kwa juu, akuletee.

"Ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, unanuka, nikaomba wanipikie wa muhogo usiovundikwa, mama akanifokea. Mteja si mfalme?" (Mgeni kutoka Dar)

Karibu Mwanza mfalme. Huyo mama alikufokea kwa sababu nzuri ila maelezo hakukupa. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, ule uvundo unaousikia ni kazi ya kuitoa, unavundikwa, unakwanguliwa ukungu, unaanikwa. Mwaka 1985 kule Tarime kuna watu walipooza miguu, ugonjwa unaitwa konzo, na chanzo kilikuwa muhogo mchungu ambao haukutengenezwa vya kutosha. Kuna muhogo mtamu ambao unga wake haunuki hivyo, ukiukuta sawa, ila usimlazimishe mtu aruke hatua kwa ajili ya pua yako. Agiza dona.

"Nikinunua sato wangu mwenyewe sokoni nikakuletea, unanipikia?" (Wengi sana)

Napika, unalipia moto, mafuta na mkono wangu. Ila njoo na samaki macho yameng'aa na matamvua mekundu, na kabla sijamparua nambonyeza mbele yako, kidole kikiacha shimo namrudisha kwenye mfuko wako na tunabaki marafiki.