Je, kreni ya karakana inaweza kuendeshwa kwa ubongo?

Swali: Papa Injinia, mimi ni fundi umeme katika karakana moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Kreni yetu ya tani 5, ile inayotembea juu ya reli, tunaiendesha kwa telekomande. Nimeona video ya mtu anayesogeza mkono wa roboti kwa kuwaza tu. Naweza kufunga kitu kama hicho kwenye kreni, mwendeshaji abaki na mikono mitupu?

Jibu: Kufunga utaweza, mwanangu. Kusimama chini ya mzigo huo, mimi sitasimama.

Tuanze na umeme, maana huo unaujua. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, aliunasa umeme wa ubongo wa mtu mwaka 1924. Leo unanaswa kwa kofia yenye elektrodi, yaani vipande vidogo vya chuma vinavyogusa ngozi ya kichwa. Unaofika kwenye ngozi ni kama mikrovolti 10 hadi 100 (mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti). Betri ya redio ya volti 1.5 inaizidi ishara ya mikrovolti 50 mara 30,000! Sasa ipeleke ishara hiyo karibu na mota ya kreni na mashine ya kuchomelea. Kelele ya hezi 50 (mara 50 kwa sekunde) ya umeme wetu inachujika. Anayesumbua zaidi ni mwendeshaji mwenyewe. Mwambie aume meno: mstari uliokuwa unatetemeka polepole kwenye skrini unageuka miiba mitupu, kwa sababu misuli ya taya ina umeme mkubwa kuliko ule wa ubongo. Akipepesa macho, kinatokea kilima. Na joto letu la Oktoba, jasho chini ya kofia ngumu, elektrodi mbili zinashikana zinakuwa moja.

Halafu kofia hiyo ya elektrodi haisomi mawazo. Njia mojawapo inayofanya kazi vizuri ni ya taa zinazomweka, moja hezi 8, nyingine 10, nyingine 12. Ukikazia macho ile ya 10, nyuma ya ubongo panajibu kwa hezi 10 hizohizo, na kompyuta inajua umechagua ipi. Umeona tatizo? Mikono imekuwa huru, lakini macho yameacha mzigo yanatazama taa.

Tuseme inapatia mara 19 kwa 20. Kwa amri 10 kila dakika, itakosea mara moja kila dakika mbili. Telekomande ya namna hiyo ungeitupa.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha mama aliyepooza akijinywesha kahawa kwa mkono wa roboti, lakini elektrodi zake zilikuwa zimepandikizwa ndani ya ubongo. Kwake ilifaa kuthubutu. Mwendeshaji wako ana vidole kumi vizima.

Kuna kazi nyingine ninayoipenda zaidi: madereva wa malori makubwa ya migodini huvaa mkanda unaosoma ubongo na kuwaonya usingizi unapokaribia. Hapo mkanda hauendeshi lori; ukionya bila sababu, ni kengele ya bure tu.

Ukitaka kujifunza, anza na mota ndogo ya volti 12 mezani. Kitufe chekundu cha kusimamisha kikate kontakta (swichi inayoupeleka umeme kwenye mota) moja kwa moja kwa waya, kisipitie kompyuta.